Simu inajua yenyewe iko wapi. Mbona haijui mimi niko katika hali gani?

#1 Mtoto wa Mwaloni

Wadau, habari za jioni.

Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta hapa Mwanza. Nimekwama: vitabu vinaniambia hivi, ziwa linaniambia vingine.

Mradi wangu ni programu ya simu kwa wavuvi wa dagaa. Nilitaka simu ijitambulie yenyewe kwamba mwenye nayo yuko majini, ni usiku, ni kipindi cha giza (zile siku mwezi hauangazi, ndipo dagaa wanavuliwa kwa taa), na ameshaiacha nchi kavu mbali. Ikija taarifa ya upepo mkali, ilie kama king'ora. Akiwa kwake amelala, inyamaze. Ndiyo hii mifumo inayoitwa ya kutambua muktadha: kompyuta haingoji kuambiwa kila kitu, inasoma mahali, muda na shughuli, halafu inajirekebisha.

Nimeijaribu kwenye mitumbwi mitatu ya mjomba wangu kwa giza moja zima. Usiku wa kwanza king'ora kikalia chumbani Kirumba. Nahodha alikuwa ameiacha simu kwenye chaji akaenda ziwani bila simu. Ndani ya nyumba GPS, yaani mahali kwa setelaiti, ilipotea, programu ikakisia mahali kwa kutumia mnara wa simu, duara la makisio likagusa maji, ikaamua "yuko ziwani". Mke wake aliamka saa nane usiku akidhani mume amekufa maji. Na kweli mume alikuwa ziwani! Programu ilipatia kuhusu mtu na kukosea kuhusu simu.

Usiku wa tatu mambo yaligeuka. Simu ilikuwa mtumbwini, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya ndoo ya chakula, kifuniko juu, injini inanguruma. Ililia mpaka ikachoka, hakuna aliyesikia. Namshukuru Mungu upepo wenyewe ulipita mbali.

Nimeacha kulala vizuri tangu siku hiyo. Naomba mnisaidie kufikiri: shida ni vihisi (vile vipande vya simu vinavyopima mahali na mwendo), ni programu niliyoandika, au ni wazo lenyewe?

#2 Kiseke Juu

Vihisi. Simu ya kawaida chini ya anga wazi inapata mahali kwa makosa ya mita tano hivi. Ukiiweka chini ya bati na ukuta, ishara ya setelaiti inafika imedhoofika au haifiki kabisa, ndiyo maana ikakimbilia mnara. Mnara mmoja unaweza kukukosea kwa kilomita. Programu yako ilitakiwa iangalie ukubwa wa lile duara kabla ya kuamua. Duara likiwa kubwa, iseme "sijui".

Halafu tumia kihisi cha mwendo. Mtumbwi unayumba, simu iliyo kwenye chaji haiyumbi. Kazi ya wiki mbili hiyo.

#3 Konda Mstaafu

Kiseke Juu, hicho kihisi cha mwendo ndicho kilichonitesa mimi. Nilikuwa konda njia ya Buhongwa. Nikapewa simu nzuri na shemeji, ikawa ina kile kitu cha kunyamazisha simu ukiwa unaendesha. Inaona mwendo wa gari, inasema huyu ni dereva, inazuia. Mimi niko mlangoni naita abiria, siendeshi chochote! Bosi anapiga, mtoto anapiga, kimya. Nimegundua jioni, simu ambazo sikupokea ni kumi na moja.

Kwa hiyo mwendo unaouona ni wa gari. Nani dereva, nani konda, nani abiria, simu haioni.

#4 Mama Dagaa Igogo

Mwanangu mleta uzi, pole na wasiwasi. Nakuuliza swali la mama: uliwauliza wavuvi simu inakaa na nani?

Kwetu simu janja ni moja nyumbani. Asubuhi iko na mimi sokoni Mwaloni natumiwa hela na wateja, jioni mtoto anafanyia kazi za shule, usiku baba akienda ziwani anabeba kitochi kwa sababu kinakaa na chaji siku nne na kikidumbukia majini hauumii moyo. Laini nazo tunahamisha. Sasa programu yako inasema "mwenye simu". Yupi?

#5 Mwalimu wa Nyegezi

Uzi mzuri huu. Naomba niweke historia kidogo, maana vijana wengi wanadhani mambo haya yameanza na simu janja.

Mwaka 1991 Mark Weiser wa maabara ya Xerox PARC, California, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba kompyuta zitakuwa nyingi, ndogo, zitatapakaa kila mahali, mpaka tuache kuziona. Yeye ndiye aliyetengeneza ile beji maarufu ya kumtambua mtu yuko chumba gani. Mwaka 1994 wenzake Bill Schilit na Marvin Theimer wakaanza kutumia jina la mifumo inayotambua muktadha. Kwa Schilit na wenzake muktadha ulikuwa na nguzo tatu: uko wapi, uko na nani, na kuna vifaa gani karibu yako.

Mama Dagaa ameigusa nguzo ya pili bila kusoma makala yoyote.

#6 Fundi Simu Makoroboi

Mwalimu, heshima yako, ila hapo kwenye beji narekebisha. Beji ilitoka maabara ya Olivetti, Cambridge, Uingereza, siyo kwa Weiser. Ni Roy Want, Andy Hopper na wenzao, mwisho wa miaka ya themanini, na makala yao ilitoka 1992. Want alihamia Xerox PARC baadaye, labda ndiyo inachanganya.

Naipenda ile beji kama fundi. Ilikuwa inatoa mwali wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kila baada ya sekunde 15, vipokezi viko ukutani. Mtu akikupigia, simu inaita kwenye meza iliyo karibu na ulipo. Mapokezi waliipenda, maana hawakuhangaika kumtafuta mtu jengo zima. Sasa sikilizeni ujanja wake: waliweka kipande kinachohisi mwanga. Kukiwa giza, beji inapunguza kutoa mwali ili kutunza betri. Ukiitia kwenye droo, umepotea duniani.

Hiyo ndiyo ndoo ya chakula ya mleta uzi. Zaidi ya miaka thelathini, shida ni ile ile: kifaa kimewekwa kando, mtu yuko kwingine.

#7 Mwalimu wa Nyegezi

Fundi, asante, nimekosea na nakubali.

#8 Boda wa Mabatini

Mimi sina makala, nina vilima.

Abiria anaita kwa programu, alama inaonyesha yuko mita themanini kutoka nilipo. Nafika, simwoni. Napiga: "Uko wapi?" Anajibu: "Niko huku juu." Juu ni juu kweli, kwenye miamba, nyumba imekaa kama ndege. Mimi niko chini. Kwa ramani ni mita themanini, kwa miguu ni ngazi na mawe robo saa, kwa pikipiki hakuna njia. Bugarika hivyo hivyo. Hii Mwanza ni mji wa mawe, ukitazama kutoka angani tu huwezi kuuelewa.

Na nikifika nimechelewa, programu inanihesabia mimi kosa, abiria ananipa nyota mbili. Hilo linaniuma kuliko mafuta.

#9 Kiseke Juu

Boda, hiyo nayo ni data tu inakosekana. Simu nyingine zina kihisi cha mgandamizo wa hewa, kinaweza kuonyesha umepanda au umeshuka ghorofa. Ukiongeza mwinuko kwenye ramani, tatizo limepungua nusu.

#10 Boda wa Mabatini

Simu ya abiria wangu wa Mabatini haina hicho kihisi, mkuu. Kioo chenyewe kimepasuka.

#11 Dada wa Isimu

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye feri ya Kamanga, acha nichangie. Mimi ni mtu wa lugha.

Kiseke Juu kila akiletewa tatizo anaongeza kihisi. Mimi nasema tatizo liko kwenye tunavyolifikiria neno lenyewe. Anind Dey, aliyefanya utafiti Georgia Tech pamoja na Gregory Abowd, mwaka 2001 alieleza kwamba muktadha ni taarifa yoyote inayoweza kueleza hali ya mtu, mahali au kitu kinachohusika kati ya mtumiaji na programu. Maelezo mapana, yamesaidia wengi. Ila yanachukulia muktadha kama kitu kilichokaa mahali kinasubiri kuokotwa.

Mtafiti mwingine, Paul Dourish, alipinga mwaka 2004. Kwake muktadha si mzigo uliopo tayari. Watu wanautengeneza wenyewe wakiwa kwenye shughuli, na unabadilika wanavyoendelea.

Sasa tazameni tunavyopigiana simu sisi. Neno la kwanza baada ya salamu ni lipi? "Uko wapi?" Je, tunataka jina la mtaa? Mara nyingi hapana. Tunauliza kama mtu anaweza kuongea, kama yuko na mkwe, kama amepanda gari, kama amefika. Na anayejibu anachagua. Mtu yuko bado anaoga anasema "niko njiani", na sote tunaelewa maana yake ni "sijakusahau". Boda hapo juu aliuliza "uko wapi", akajibiwa "niko huku juu", na wote wawili wakajua shida ni ngazi. Kihisi gani kitapima hiyo?

#12 Konda Mstaafu

"Niko njiani" ya Mwanza ingeifanya hiyo kompyuta ilie machozi.

#13 Mwalimu wa Nyegezi

Dada wa Isimu umenena, na Dourish namheshimu. Lakini nikuulize kwa upendo: mhandisi afanye nini kesho asubuhi? Ukisema muktadha haukamatiki, hakuna programu itakayoandikwa, na mvuvi atabaki bila onyo. Dey na wenzake mwaka 1999 walitoa zana za kutenganisha kazi: kipande kimoja kinashughulika na kihisi, kingine kinatafsiri, kingine kinakusanya habari za mtu mmoja kutoka sehemu mbalimbali. Programu yenyewe isijue kama mahali pametoka kwa setelaiti au mnara. Huo ulikuwa msaada wa kweli kwa wanaojenga.

#14 Fundi Simu Makoroboi

Mwalimu, hapo hapo ndipo nadhani kijana ameumia. Ukimficha mjenzi wa programu mahali pametoka wapi, unamficha pia kwamba ni makisio. Setelaiti na mnara vyote vikija vimevaa nguo moja inayosema "mahali", programu itaviamini sawa. Kutenganisha kazi ni kuzuri, lakini shaka isifutwe njiani. Namba ipite na mashaka yake.

Na hakuna aliyetaja betri. Wateja wangu wengi kitu cha kwanza wanachoniambia ni "nizimie hivi vinavyokula chaji". Nazima mahali, nazima intaneti inayojiendesha yenyewe. Simu za leo nazo zinaua programu inayofanya kazi chinichini ili kutunza betri. Kwa hiyo mfumo wako unaotaka kumwangalia mvuvi usiku kucha unakufa saa tano usiku bila kuaga. Mimi natia dau kwamba hilo ni kubwa kuliko falsafa yote hapo juu.

#15 Mama Dagaa Igogo

Jamani, saa nazo. Nilimwambia mtoto aiambie simu iniamshe saa kumi na moja alfajiri niwahi Mwaloni. Simu ikasikia saa kumi na moja, ikaweka saa kumi na moja ya Kizungu, yaani saa tano asubuhi kwetu. Nimeamka jua limetoka, dagaa wazuri wameshanunuliwa. Hiyo haikuwa ziwa wala mlima. Ni lugha yangu tu.

#16 Dada wa Isimu

Pole mama. Huo ndio mfano bora kuliko yote niliyotoa. Simu inajua iko Tanzania, imewekwa Kiswahili, inajua jua linachomoza saa ngapi hapa. Viashiria vyote ilikuwa navyo mkononi. Haikukosa kihisi hata kimoja, Kiseke Juu.

#17 Kiseke Juu

Hilo nakubali. Hapo aliyeandika programu hakutufikiria. Ila hoja yangu ya kihisi sijaiondoa.

#18 Mpita Busisi

Mimi naona wote mnaongelea mtu, hakuna anayeongelea mahali kubadilika. Mwaka 2025 baada ya daraja la Kigongo hadi Busisi kufunguliwa mwezi Juni, ramani ya simu yangu iliendelea kuniambia nisubiri feri. Niko juu ya daraja, natazama maji chini, alama yangu inaelea ziwani, sauti inanielekeza kwenye gati. Mfumo ulikuwa na mahali sahihi kabisa. Dunia ndiyo ilikuwa imehama.

#19 Boda wa Mabatini

Lile daraja limetuokolea muda jamani. Nakumbuka foleni ya feri na mgonjwa kwenye gari.

#20 Mpita Busisi

Acha tu. Kilomita tatu hivi, sasa ni dakika chache.

#21 Mtoto wa Mwaloni

Nimesoma yote, wabeja sana. Naomba nijibu machache.

Kiseke Juu, kihisi cha mwendo nilikiongeza jana. Kinatofautisha mtumbwi na kitanda vizuri. Lakini mtumbwi uliotia nanga kwenye maji tulivu ukiwa mwaloni, pale ufukweni tunapoegesha mitumbwi, nao unayumba, na simu ya mtu aliyelala ndani yake, bado hajaondoka, nayo inasema "yuko ziwani". Sijashinda.

Mama Dagaa, sikuuliza simu inakaa na nani. Nilidhani najua kwa sababu nimezaliwa hapo. Hilo kosa limeniuma, kwa sababu nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo na bado nikaandika "mwenye simu".

Kuna jambo jingine. Programu ilikokotoa mwezi kwa usahihi, mzunguko wake ni siku 29 na nusu, hesabu haina shida. Nilidhani giza ni tarehe. Kumbe baada ya mwezi mpevu, mwezi unachelewa kuchomoza kila siku, kwa hiyo wengine wanaingia ziwani jioni wanavua saa za mwanzo kabla haujatoka. Wengine hawaendi. Inategemea bei, inategemea mafuta, inategemea tajiri mwenye mtumbwi amesemaje. Giza ni makubaliano ya watu pale mwaloni.

#22 Dada wa Isimu

"Giza ni makubaliano ya watu pale mwaloni." Iandike hiyo kwenye utafiti wako kama ilivyo.

#23 Fundi Simu Makoroboi

Nina wazo, msinicheke. Achana na simu. Zamani walitumia karabai, siku hizi taa za betri na sola. Taa ikiwaka, mtu anavua. Weka kidude kidogo kwenye taa, kiwe ndicho kinachosema "kazi imeanza". Muktadha uuchukue kwenye chombo cha kazi. Simu ina kazi mia, taa ina kazi moja.

#24 Kiseke Juu

Fundi, hiyo ni bora sana. Naunga mkono.

#25 Baharia wa Ukerewe

Salaam. Mimi ndiye mvuvi sasa, nimevua dagaa tangu enzi za karabai, nimetumiwa uzi huu na mpwa wangu.

Fundi, wazo lako lina akili, lakini taa haikai na mimi. Taa tunazifunga kwenye maboya, tunaziacha zinaelea, dagaa wanakusanyika chini yake. Mtumbwi unaweza kuwa mbali na taa, tunazirudia moja moja na nyavu. Upepo ukija, taa utaikuta huku na sisi kule.

#26 Fundi Simu Makoroboi

Dah. Beji kwenye droo tena.

#27 Baharia wa Ukerewe

Naendelea. Mmeongea siku tatu kuhusu simu kutujua. Hakuna aliyeuliza kama tunataka kujulikana.

Mahali nilipopata dagaa wengi jana ni siri yangu. Simwambii hata shemeji. Programu ikijua nilipo usiku kucha, na tajiri akiipata simu au akiwa na hiyo programu upande wake, atajua nimevua wapi, nimepumzika saa ngapi, nimetia nanga wapi. Kesho ananikata kwenye mgao. Sisi tunazima simu kwa sababu ya betri, ndiyo, lakini na kwa sababu hiyo pia. Kijana, ndoo ya chakula uliyoiona, una hakika iliwekwa humo kwa kuogopa maji tu?

#28 Mtoto wa Mwaloni

Baharia, shikamoo. Sina hakika. Sikuwahi kulifikiria.

#29 Mwalimu wa Nyegezi

Marahaba kwa niaba yake mpaka ajibu mwenyewe.

Baharia ameleta jambo ambalo hata zile beji lilizikuta: kifaa kinachomsaidia mapokezi kukupata kinaweza pia kumsaidia bosi kukuhesabia. Watafiti Victoria Bellotti na Keith Edwards mwaka 2001 waliandika kwamba mfumo wa namna hii lazima uweze kumweleza mtu unajua nini kumhusu, umekijuaje, na unataka kufanya nini nacho. Na mtu abaki na mamlaka, hasa kitendo kikigusa watu wengine. Programu ya kijana haikumwambia nahodha kitu. Iliamua, ikalia.

#30 Dada wa Isimu

Niongeze la mwisho kabla sijalala. Lucy Suchman, mwanaanthropolojia wa Xerox PARC hiyo hiyo, alirekodi watu wakihangaika na mashine ya kunakili karatasi iliyokuwa na mfumo wa kuwaelekeza. Kitabu chake ni cha mwaka 1987. Wale watu walikuwa wanaongea, wanakuna vichwa, wanaulizana. Mashine ilikuwa inajua tu kwamba kitufe kimebonyezwa au kifuniko kimefunguliwa. Kwa hayo machache ikajiona inaelewa wanachokusudia, wakapotezana kabisa.

Thomas Erickson naye mwaka 2002 alitoa mfano ninaoupenda. Unampigia mtu, simu badala ya kuamua kama anaweza kupokea, inakuambia ilichokiona tu: hajasogea kwa dakika 45, yuko mahali penye mwanga hafifu na kelele nyingi. Uendelee au uache ujumbe? Mtu atajua huenda yuko sinema. Mashine iseme ilichohisi, hukumu aachiwe binadamu.

#31 Mama Dagaa Igogo

Hii nimeielewa. Yaani yule mke wa nahodha pale Kirumba, simu ingemwambia tu "upepo mkali unakuja, na simu hii haijasogea tangu jioni", angejua mwenyewe mume kaenda bila simu. Angempigia mwenzake wa mtumbwi wa pili.

#32 Kiseke Juu

Mama, kwa mke nyumbani sawa. Kwa mtu aliye katikati ya maji, saa nane usiku, hana nafasi ya kusoma maelezo na kutafakari. King'ora kinatakiwa kilie. Kuna mahali mashine lazima iamue.

Mimi naishi karibu na rada ya hali ya hewa hapa Kiseke. Usiku hewa ya nchi kavu inapoa, upepo unashuka kuelekea ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, hewa inapanda na radi zinazaliwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili ni za usiku na alfajiri, saa zile zile za dagaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa ziwa. Kinachokosekana ni hatua ya mwisho, kufika kwenye sikio la mtu. Hatuwezi kuichezea falsafa hatua hiyo.

#33 Dada wa Isimu

Hakuna anayecheza. Mashine iliamua mara mbili na ikakosea mara mbili.

#34 Kiseke Juu

Na mtu asiyeambiwa kitu anakufa mara moja.

#35 Konda Mstaafu

Tulieni wakubwa. Hivi bei ya dagaa Mwaloni wiki hii ikoje? Naona gunia limepanda.

#36 Mama Dagaa Igogo

Imepanda, wanunuzi wa Kongo wameingia. Njoo asubuhi, lakini usitumie simu kuamka.

#37 Mtoto wa Mwaloni

Nimekaa na mjomba jana. Amesema kitu kilichonichanganya zaidi: kwenye mitumbwi yake mitatu, simu inayobebwa ziwani kwa hakika ni moja, na haibebwi na nahodha. Anaibeba kijana mdogo kuliko wote kwa sababu ya muziki, na iko kifuani chini ya koti. Wengine wote wanategemea akiwapigia mluzi.

Baharia, nakuuliza wewe: onyo likija kwa mtu mmoja, linawafikiaje wenzake waliotawanyika?

#38 Baharia wa Ukerewe

Marahaba mwanangu, nilikuwa nyavuni.

Kwa tochi. Unazungusha tochi juu mara kadhaa, mwenye kuiona anaitikia na yake, inakwenda hivyo mpaka mtumbwi wa mwisho. Lakini kabla ya tochi kuna dalili tunazoshika wenyewe. Mimi nikiona umeme unacheza upande mmoja halafu upepo uliokuwepo unakatika ghafla, siongoji taarifa ya mtu. Vijana wa siku hizi wanaangalia muziki, dalili zinawapita. Huyo wa kifuani mpe king'ora chako kiwe mtetemo, atausikia mwilini. Lakini kisijue niko wapi. Kijue tu kwamba upepo unakuja ziwani, aliye ziwani atajijua.

#39 Kiseke Juu

Bila mahali utawaamsha na waliolala nyumbani.

#40 Mama Dagaa Igogo

Tuamsheni. Waume zetu wako huko.

#41 Fundi Simu Makoroboi

Hiyo ya mama inaondoa nusu ya mradi wa kijana. Ila wakiamshwa usiku tatu mfululizo na upepo usije, wa nne watakizima. Nawajua wateja wangu.

#42 Mtoto wa Mwaloni

Fundi, hilo ndilo naliogopa. Nataka nijaribu zote mbili giza lijalo: mtumbwi mmoja mfumo unaoamua wenyewe, wa pili unaotoa taarifa tu bila kujua mahali, wa tatu hauna kitu, tochi peke yake. Mjomba amekubali. Baharia, nikuje Ukerewe au wewe utapita Kirumba?

#43 Baharia wa Ukerewe

Njoo Nansio kwa meli ya mchana. Ukifika usinipigie, nitakuwa nimezima. Uliza mwaloni tu.